Mgeni wa mji, mbuga na bahari anapita Kibiti: Mkulima wa Mahege anamuuzia nini?

MTU anayepanga likizo ya siku nane huanza na swali moja: aende wapi, mjini, mbugani au baharini? Wengi siku hizi hawataki kuchagua. Wanataka kutembea jijini siku mbili, kuona wanyama siku mbili au tatu, kisha wamalizie pwani kwa samaki na upepo wa bahari. Kwa anayepitia kaskazini, hiyo maana yake ni Arusha, Serengeti na Zanzibar, safari ambayo ni vigumu kuikamilisha kwa muda huo bila kupanda ndege au kushinda barabarani kutwa nzima.

Kusini mwa Dar es Salaam vitu hivyo vitatu viko katika njia moja. Anayetoka Mbagala Rangi Tatu kwa Barabara ya Kilwa hupita Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani na Bungu, na baada ya kilomita kati ya 130 na 140 anaingia Kibiti. Pale Bungu kuna njia inayokata kushoto kwenda bandari ya Nyamisati, ambako watu huvuka kwenda Mafia. Pale Kibiti kuna njia ya kulia inayokwenda Mloka, kwenye lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa maneno mengine, Wilaya ya Kibiti ndiyo njia panda ya likizo hiyo. Swali la makala haya ni la kiuchumi: mgeni huyo akishapita, mkulima wa Kata ya Mahege, mvuvi wa delta na mama lishe wa Bungu wanabaki na nini zaidi ya vumbi?

Jibu fupi ni kwamba wanabaki na kidogo, na sababu si kwamba hawana cha kuuza. Sababu ni kwamba msafiri hupanga safari yake miezi kadhaa kabla, wakati muuzaji wetu anamsubiri siku ile ile anapopita. Anayeijua ratiba ya mgeni analijua soko. Asiyeijua hubaki kukimbilia dirisha la basi na sahani ya machungwa.

Fedha inayoruka juu ya vichwa

Idadi ya watalii wa nje walioingia nchini ilikuwa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na mwaka 2024 ikapita milioni 2.1. Takwimu hizo zinafurahisha, lakini mkulima asidanganyike nazo. Sehemu kubwa ya wageni hao huishia kaskazini na Zanzibar. Na kati ya wanaokuja upande wetu, wenye dola nyingi huchukua ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi viwanja vilivyomo ndani ya hifadhi, kisha ndege nyingine hadi Mafia. Hao wanaiona Kibiti kutoka angani.

Hata hivyo, wapo wanaopita chini. Hao ni Watanzania wenyewe, wageni wanaofanya kazi nchini, wanafunzi, vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya, pamoja na watalii wa nje wasio na fedha nyingi. Mifuko yao ni midogo, lakini wanakula njiani, wanajaza mafuta, wanatafuta choo na wanahitaji mahali pa kulala gari likiharibika.

Fedha ya aina ya pili ni ya jikoni. Mgeni aliyekuja kwa ndege naye anakula mayai asubuhi. Kambi ikifanya manunuzi yake Dar es Salaam, gari lake hupita Kibiti likiwa limejaa nyanya, vitunguu na mayai, likiyapita mashamba yanayolima vitu hivyo hivyo. Fedha hiyo mkulima anaweza kuipata bila hata kumwona mgeni usoni.

Wazee wa Rufiji watakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Magari yalipanga foleni Ndundu kusubiri pantoni, na penye foleni hapakosi muuza chai. Daraja likaja, likaleta neema kwa mikoa ya kusini, lakini gari halikulazimika tena kusimama. Tangu hapo anayetaka gari lisimame ni lazima ampe dereva sababu ya kusimama.

Ratiba ya siku nane

Tuichukue safari yenyewe, tuipange kama ambavyo kikundi cha wafanyabiashara wadogo kutoka Kariakoo kingeipanga, na tutazame kila siku fedha inadondoka wapi.

Siku ya kwanza na ya pili ni za Dar es Salaam. Kuna Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1940. Kuna Kijiji cha Makumbusho katika Barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa miti na udongo. Kuna Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, Kanisa la Mtakatifu Joseph karibu na bandari, Soko la Samaki la Feri na Kariakoo yenyewe. Mgeni anayekula kamba Feri anaweza kuwa anakula kamba wa delta ya Rufiji bila kujua. Hapo muuzaji wa delta angeweza kuanza kujitangaza, lakini kamba akishafika jijini hupoteza jina la alikotoka.

Siku ya tatu ni ya barabarani. Kutoka jijini hadi Kibiti ni lami, na kwa gari dogo ni safari ya kama saa tatu, kutegemea foleni ya Mbagala. Kutoka Kibiti hadi Mloka ni kilomita zipatazo 100, na hapo mpangaji asihesabu kwa kilomita, ahesabu kwa saa na kwa msimu. Njia hiyo mvua ikinyesha huweza kula siku nzima. Kwa hiyo mwenye busara huondoka Dar alfajiri, anakula Kibiti kabla ya saa sita, na kufika Mloka jua likiwa bado juu. Hapa ndipo Kibiti inapopata nafasi yake ya kwanza: chakula cha saa tano asubuhi, maji ya kunywa, matunda ya kubeba, na choo kisafi.

Msomaji asicheke habari ya choo. Dereva anayesafirisha familia au wageni huchagua mahali pa kusimama kwa kuangalia choo kwanza na chakula baadaye. Mama lishe mwenye choo chenye maji, sabuni na kitasa kinachofunga anauza sahani nyingi kuliko jirani yake mwenye pilau tamu na choo cha kukimbia.

Siku ya nne na ya tano ni za hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilitangazwa mwaka 2019 kwa kumega sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ambalo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 30,000. Sifa yake ambayo haipatikani katika hifadhi nyingi za kaskazini ni Mto Rufiji: mgeni anapanda boti, anaona viboko, mamba na ndege wa majini, na siku ya pili anazunguka kwa gari kutafuta simba, twiga na mbwa mwitu.

Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, ambacho huhesabiwa kwa dola. Kinachomshinda Mtanzania wa kawaida huwa ni gari na mahali pa kulala. Ndiyo maana kikundi ni bora kuliko mtu mmoja: watu wanane wakichangia gari moja na boti moja, gharama ya kila mmoja inashuka sana. Mpangaji aulize TANAPA viwango vya msimu huo na namna ya kulipa kabla hajaondoka, kwa kuwa langoni si mahali pa kufika na bahasha ya noti.

Siku ya sita kikundi kinarudi Kibiti, kinapanda hadi Bungu, kinashuka Nyamisati. Siku ya saba kinavuka kwenda Mafia. Kwa miaka mingi uvukaji huo ulikuwa wa mashua na boti zilizofuata maji kujaa na kupwa, na abiria walilala bandarini kusubiri. Gati jipya limejengwa Nyamisati, na mwaka 2021 kilianza kivuko cha MV Kilindoni cha TEMESA. Pamoja na hayo, bahari ni bahari. Mpangaji aulizie siku na saa za safari, na asiweke jambo lisiloahirishika kesho yake, iwe ni ndege, harusi au mkopo wa kulipa benki.

Siku ya nane, ambayo mwenye nafasi ataigeuza kuwa mbili au tatu, ni ya Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Anayelala Kilindoni yuko nje ya eneo la hifadhi hiyo. Anayekwenda Utende, Chole au Juani anaingia ndani yake, na kuna ada ya kulipa. Huko Juani kuna magofu ya mji wa kale wa Kua, na Chole kuna magofu pamoja na popo wakubwa wanaolala mchana mitini. Mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Machi, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa mwogaji.

Siku ambayo haijauzwa

Katika ratiba hiyo yote kuna siku moja inayokosekana, nayo ni siku ya delta. Msafiri hupita Nyamisati kama anayepita kituo cha basi, akitazama saa. Lakini delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, eneo kubwa la mikoko kuliko jingine lolote Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 imo katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa chini ya mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu wa Ramsar.

Isitoshe, delta ina historia ambayo watu wa mbali wanaijua kuliko sisi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus kule Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijificha katika mito ya delta. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Julai 1915 zikaletwa meli mbili fupi za kina, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege zilizoelekeza mizinga, na tarehe 11 mwezi huo mabaharia wa Königsberg wakaizamisha wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake ilitolewa ikatumika vitani nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo leo uko Fort Jesus, Mombasa, ambako watu hulipa kiingilio kuingia.

Kwa hiyo Mombasa wana mzinga, na sisi tuna mahali penyewe. Mashua, nahodha anayezijua njia za maji, mzee anayeweza kusimulia, wali wa nazi kwa kaa au kamba, na mzinga wa nyuki wa kuonyesha asali ya mikokoni: hiyo ni siku nzima ambayo mgeni angeilipia. Haihitaji hoteli ya kifahari, ila inahitaji mpangilio. Mashua iwe imesajiliwa na kukaguliwa kwa taratibu za TASAC, kila abiria awe na jaketi okozi, serikali ya kijiji iwe na habari, na mikoko isiguswe bila kibali, kwani ni misitu inayolindwa kisheria.

Nahodha naye apange tarehe kwa mwezi. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na mashua iliyochelewa inakaa juu ya tope hadi maji yarudi. Mgeni aliyeambiwa "tutarudi saa tisa" akarudi saa tatu usiku hatampendekezea mtu mwingine safari hiyo.

Kalenda ya mgeni na kalenda ya shamba

Sasa tuje shambani. Kambi nyingi za hifadhi hufunga Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, wanyama hukusanyika karibu na maji na wageni ni wengi. Lakini miezi hiyo mingi upepo wa kusi unavuma na bahari huchafuka. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi ni kaskazi, bahari hutulia zaidi, na papa potwe wapo.

Anayetaka mbuga na bahari kwa pamoja basi analenga Oktoba, kabla vuli haijakolea, au Januari na Februari, kabla ya masika. Hii ndiyo miezi ya mgeni tunayemzungumzia.

Ukiitazama miezi hiyo kwa jicho la mkulima, unaona jambo. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Novemba hadi Januari ni maembe. Nazi na mihogo vipo mwaka mzima. Kwa hiyo matunda si tatizo Januari. Tatizo ni mboga na nyanya, ambazo huadimika wakati wa jua kali na bei yake kupanda.

Rufiji na Kibiti wana jibu la zamani la tatizo hilo, nalo ni kilimo cha mlau: kupanda bondeni mafuriko yakishapungua, mmea ukategemea unyevu uliobaki ardhini. Lakini mto umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mafuriko hayafuati tena desturi ambayo wazee waliizoea. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti na kuwaacha wakulima bila mpunga wala mahindi. Mkulima aliyeweka kila kitu bondeni aliona mwaka wake unaondoka kwa siku chache.

Ndiyo maana ninaona bustani ndogo ya mwinuko, yenye kisima na pampu, ni muhimu kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Robo ekari ya nyanya, mchicha, bamia na pilipili hoho inayomwagiliwa Agosti hadi Februari inaingia sokoni wakati ambao bonde halina kitu, na ndio wakati wenyewe wa mgeni.

Hesabu ya jiko moja

Tufanye hesabu ya mfano. Chukulia kambi moja yenye vitanda 20, na kwa wastani nusu vina watu. Hao ni wageni 10. Kambi ya namna hiyo inaweza kuwa na wafanyakazi 25. Jumla wanaokula ni 35.

Wafanyakazi 25 wakila gramu 300 za mchele kwa siku, ni kilo 7.5 kwa siku, sawa na kilo 225 kwa mwezi. Kwa miezi 10 ambayo kambi iko wazi ni kilo 2,250 za mchele. Mpunga ukitoa mchele asilimia 65, zinahitajika kama kilo 3,460 za mpunga. Jiko zima likitumia trei moja ya mayai kwa siku, ni trei 30 kwa mwezi, ambazo zinahitaji kuku 45 wanaotaga kwa wastani wa asilimia 70. Mboga gramu 200 kwa kila mtu ni kilo 7 kwa siku, au kilo 210 kwa mwezi.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mteja wa uhakika si mgeni peke yake. Mgeni hula saladi siku mbili akaondoka, lakini mpishi, dereva, mlinzi na mfua nguo hula wali na maharage mwezi mzima, hata wiki ambayo wageni ni watatu. Mkulima anayekwenda kambini kuuliza soko aulize pia chakula cha wafanyakazi.

La pili, kambi moja hailishi kata nzima. Kuku 45 ni wa kaya moja. Mpunga ule ni wa kaya chache tu. Wakulima 200 wa Mahege wakilima nyanya wote kwa ajili ya kambi moja, watafukuzana kwa bei hadi wote wapate hasara. Wanaofaidika ni wale wanaogawana: kaya hii mayai, ile mboga, nyingine matunda, na mtu mmoja wa kukusanya, kupima na kupeleka.

Bei nzuri si lazima iwe faida nzuri

Mkulima akisikia kambi inalipa karibu mara mbili ya bei ya mlanguzi, hukimbilia kubeba mzigo. Asimame kwanza ahesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kilo 100 za nyanya. Mlanguzi anakuja shambani na kutoa sh. 800 kwa kilo, yaani sh. 80,000 mkononi siku hiyo hiyo. Kambi inatoa sh. 1,500. Usafiri na makreti hadi Mloka ni sh. 25,000.

Zikiharibika njiani kilo 15, zinabaki kilo 85, mauzo ni sh. 127,500, ukitoa sh. 25,000 unabaki na sh. 102,500. Umepata sh. 22,500 zaidi ya kumuuzia mlanguzi. Lakini zikiharibika kilo 30, mauzo ni sh. 105,000, ukitoa usafiri unabaki na sh. 80,000, sawasawa na bei ya shambani, na siku yako nzima imekwenda bure.

Faida yote, basi, imo katika zile kilo 15. Nyanya zilizofungashwa kwenye tenga na kurushwa juu ya gari katika njia ya Mloka hazifiki salama. Kreti la plastiki, kuchuma nyanya zikiwa zinaanza kuiva na kusafiri asubuhi ndiyo tofauti kati ya biashara na hasara.

Kuna na masharti mengine ambayo wauzaji wengi huyaona ni usumbufu. Hoteli na kambi huhitaji risiti kwa ajili ya hesabu zao, hivyo kikundi kiwe na namba ya mlipakodi, ambayo TRA huitoa bila malipo. Wanunuzi wa aina hii mara nyingi hulipa baada ya wiki mbili au mwezi, hivyo kikundi kiwe na akiba ya kuwalipa wanachama wakati kinasubiri. Wanataka mzigo ule ule, siku ile ile, kila wiki. Ukikosa mara mbili, gari lao linarudi Dar es Salaam kununua.

Mtaji wa kuanzia unaweza kutafutwa katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba kikiwa na barua ya mnunuzi na hesabu kama hizi tulizofanya kina hoja nzito kuliko kinachoandika tu kwamba kinataka "kuinua kipato".

Asiyepanga hatari hupangiwa

Itakuwa si haki kumwambia mkulima habari za wageni bila kumwambia jinsi wanavyoweza kutoweka. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, corona ilipoingia, walishuka hadi kama 620,000. Huku kwetu tulikuwa na msiba wetu wa kabla ya hapo: mauaji ya mwaka 2016 na 2017 katika Kibiti, Mkuranga na Rufiji yaliwafanya watu waiogope njia hii, na jina la Kibiti lilichukua muda kusafika.

Kwa sababu hiyo, mgeni asiwe soko la kwanza la mkulima wa Mahege. La kwanza ni tumbo la nyumbani. La pili ni korosho, ufuta, nazi na soko la Mbagala, ambayo yapo mgeni akija asije. Mgeni ni soko la tatu: la kuuzia mazao ambayo hata yeye asipokuja, majirani watayala. Mayai, nyanya, mchele na samaki vina sifa hiyo. Anayekopa ili alime mboga za kizungu ambazo hakuna mtu Kibiti anayezila amejifunga kwa mteja mmoja, na mteja huyo anaweza kufunga Aprili akafungua asifungue.

Yapo mambo ya kufanya kabla ya Oktoba ijayo bila kusubiri mfadhili. Kikundi kimtume mtu mmoja Mloka na mmoja Nyamisati na Kilindoni, wakaulize majiko yananunua nini, kiasi gani, siku gani, na yanalipa vipi. Wasusi wa mikeka ya ukindu, ambayo Rufiji inasifika kwayo, watengeneze na vitu vidogo vinavyoingia kwenye mkoba wa msafiri, kwa kuwa mkeka wa futi sita haupandi ndege. Wenye migahawa ya Kibiti na Bungu waanze na choo. Wenye mashua za delta waandike bei moja, saa moja na njia moja, waipeleke kwa wanaosafirisha vikundi kutoka Dar es Salaam.

Nao wasomaji wa jijini wanaopanga likizo ya kikundi chao wanaombwa jambo dogo. Mnapoandika ratiba, msiandike tu "Dar, Nyerere, Mafia". Andikeni pia mtakula wapi, mtalala wapi na matunda mtanunua kwa nani. Piga simu mapema, muulize kama embe zipo na wali wa nazi unaweza kupikwa kwa watu wanane ifikapo saa tano. Mama lishe wa Kibiti akipata oda hiyo wiki moja kabla, atanunua kuku Mahege, nazi Bungu na samaki Nyamisati, na fedha ya siku moja itakuwa imezunguka katika mikono minne kabla gari lenu halijawasha moto kuondoka.